Jina Tusiloliandika

Proscovia alinikumbatia mbele ya watu wote, na mimi, kwa ujinga wa mazoea, nikamkumbatia pia. Ilikuwa mwezi uliopita, katika ukumbi wa shule ya msingi hapa Kyebando, ambako akina mama vijana walikuwa wameitwa kuelezwa msaada mpya wa serikali kwa wazazi wenye watoto wadogo. Binti yangu Habiba ana mtoto wa miezi saba na anafanya kazi Nakasero, katikati ya mji, kama nilivyofanya mimi, basi nikamsindikiza, nikampakata mjukuu, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Aliyesimama mbele kutoa maelezo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, alikuwa Proscovia. Hatukuwa tumeonana kwa miaka ishirini na zaidi. Alisema kwa sauti ya kukolea kwamba safari hii mzazi mwenyewe, na si mtu mwingine yeyote, ndiye atakayechagua nani amlelee mtoto wake mchana. Kisha akaniona. "Banange, Sauda!" akapiga kelele, akaja mbio na viatu vyake vya visigino, akaniinua kwa mkono. "Mnaona huyu jaja, huyu bibi? Mimi na yeye ndio tulileta fomu za kwanza hapa Kyebando, nyinyi bado hamjazaliwa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na miguu yake." Wasichana wakapiga makofi. Habiba akanitazama kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Nami nikatabasamu, nikapunga mkono kama mheshimiwa. Tangu siku hiyo mwaka ule wote umenirudia, asubuhi moja baada ya nyingine, nami nauandika hapa kwa hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na Habiba alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nilifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Nakasero, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Baba yake Habiba alikuwa askari aliyepelekwa kaskazini na alikuja nyumbani alipokuja. Habari zake si za hapa. Mchana mtoto wangu alikaa kwa Mama Lakot, nyuma ya maduka ya Kyebando, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo hadi leo naweza kuizunguka nikiwa nimefumba macho. Chumba cha mbele kilipakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno. Kutoka hapo kwenda juu ukuta ulikuwa na rangi yoyote ambayo moshi uliipa. Mikeka ilitandikwa ukutani kote, dirisha lilizibwa kwa wavu wa kuku ili watoto wachungulie bila kudondoka nje, na katika kona palikuwa na pipa la maji ambalo kifuniko chake kilikandamizwa kwa tofali zito. Chumba cha nyuma alilala mwenyewe na alipikia humo mvua ikinyesha. Kulikuwa na harufu ya karanga zilizosagwa pamoja na ufuta, na ya sabuni ya mche, na ya watoto. Nimeingia nyumba nyingi za fahari tangu siku zile, na hakuna iliyonituliza moyo kama ile.

Mama Lakot alikuwa mjane wa mwanajeshi, mtu wa Gulu, mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake alikiokota kambini pamoja na maisha yake yote. Alikuwa na watoto tisa wa watu na sheria moja. Hukuruhusiwa kumwacha mtoto mlangoni ukakimbia. Uliingia, ukakaa mkekani, ukanywa bakuli la uji wa mtama pamoja na mwanao mpaka amezoea, kisha ukamuaga waziwazi akikuona. "Hapana toroka mtoto," alituambia, mwiko mkononi. "Sema kwaheri. Akilia, alie, mimi iko hapa." Tulilalamika kwamba anatuchelewesha kazini, na kweli alituchelewesha. Lakini uji ule wa asubuhi ndio uliokuwa baraza letu. Mke wa askari wa trafiki alieleza jinsi mumewe anavyokoroma, mke wa mlinzi wa benki aliapa kwa mara ya mia kwamba atarudi kwao Arua, na Wambui, Mkenya aliyeuza viatu vya mitumba, alitucheka sote. "Nyinyi wanawake wa kambi mnaogopa kila mtu ana kofia," alikuwa akisema, na sisi tukamjibu kwamba yeye hamwogopi hata Mungu. Mwanawe Mwangi alikuwa mnene hata Mama Lakot akimbeba alitoa mguno. Nikisikiliza maneno yale, Habiba kwenye mapaja yangu na uji hadi masikioni, sikujua kwamba nilikuwa na bahati. Nilidhani ndivyo watu wanavyoishi.

Habari za mpango tulizisikia redioni. Serikali ingewasaidia akina mama wanaofanya kazi: mlezi wa mtoto wako angelipwa na ofisi, na mlezi huyo ungemchagua wewe, awe kituo kikubwa, awe jirani yako, awe hata shangazi. Mama Lakot alituomba tumrudilie maneno hayo mara tatu. Jirani pia? Jirani pia. Hata kama hajui kusoma? Hawakusema lazima ajue kusoma. Siku iliyofuata tulimkuta amepanda juu ya ndoo anapaka ukuta chokaa, ule wa juu wenye moshi. Alitaka vitu viwili, akatutajia akiwa huko huko juu: choo cha pili cha watoto, na mwanamke wa kumsaidia, kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua na watoto tisa si mchezo. Halafu akasema kitu cha tatu kwa sauti ya chini, akijifanya anaangalia brashi. "Na hiyo jina yangu, iko kwa karatasi ya serikali. Mama Lakot, mlezi. Tangu bwana kufa, jina yangu hapana andikwa mahali." Kila nikikumbuka mwaka ule naanzia kwenye maneno hayo. Jambo lote lilikuwa hilo tu. Sisi wanawake tisa tuandike jina lake, basi.

Proscovia ndiye aliyeleta fomu. Mimi na yeye tulikulia mstari mmoja wa nyumba za kambi ya polisi, tulivaa gauni moja kwa zamu, na nilipopata mtoto yeye ndiye aliyenishika mkono hospitalini. Alikuwa amesoma kunizidi, na sasa alikuwa karani katika ofisi ya Nakasero iliyosimamia mpango ule. Alikuja kwa Mama Lakot Jumamosi moja akiwa na bahasha chini ya kwapa, akala viazi vitamu na mchuzi wa karanga, akaongeza, akambeba Mwangi, akasema hajawahi kuona watoto wenye afya kama hawa. "Mama, hapa ndipo serikali inatafuta," alimwambia Mama Lakot, na yule mama mrefu akaziba mdomo kwa kiganja akicheka kama msichana. Mimi nilijiona mtu. Rafiki yangu ndiye aliyeleta neema, na kila aliyekuwa pale alinitazama kama nimeileta mimi. Njiani nilipokuwa namsindikiza kupanda boda boda aliniambia fomu zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na mwenye kukosea neno moja ataondolewa. "Wewe wachukulie sahihi tu, dada. Mimi nitajaza mwenyewe ofisini, vizuri. Nani anachagua nani, si najua?"

Hapa lazima nieleze kitu, maana mtu ambaye hakukulia kambini atatuona wajinga, na sisi hatukuwa wajinga. Siku ya mgawo wa unga kambini, wake za askari walijipanga asubuhi mbele ya stoo, magunia yakiwa bado hata hayajafika. Kila mmoja aliweka sahihi au dole gumba kwenye karatasi tupu, akaenda kupika. Unga ulipokuja, sajini wa stoo aliupima, akajaza karatasi, na jioni ulipewa wako. Mama zetu walifanya hivyo miaka yote na unga ulifika. Sahihi kwanza, maandishi baadaye: tulilelewa hivyo, na kumwambia mtu wa kwenu aandike kwanza ndipo uweke sahihi lilikuwa tusi, kama kumwita mwizi. Basi Jumapili ile nilizunguka nyumba kwa nyumba, kama Proscovia alivyojisifia ukumbini, nikiwa nimembeba Habiba mgongoni. Wanawake saba waliweka sahihi bila hata kukaa chini. Mmoja alikuwa anakanda unga, akaacha alama ya unga pembeni. Ya nane ilikuwa yangu.

Wa tisa alikuwa Wambui. Nilimkuta kwenye meza yake ya viatu, anapiga brashi kiatu cha mtu mwenye mguu mkubwa mno. Aliishika fomu, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii haina kitu," akasema. Nikamweleza. "Sauda, mimi siweki sahihi kwa karatasi haijaandikwa. Hata kama ni ya mama yangu mzazi." Nikamwambia anamtukana rafiki yangu. "Basi anisamehe," akajibu, akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio la mteja, na pale pale, kwa herufi kubwa, akaandika jina la Mama Lakot mahali pa mlezi, akauliza maana ya maneno mawili matatu kwa mwenye duka la dawa, akaweka sahihi. Kesho yake aliipeleka mwenyewe Nakasero kwa miguu, ili asilazimike kuniamini mimi. Asubuhi iliyofuata, Mama Lakot akiwa nje anafua, niliwasimulia wenzangu wakati wa uji, na tulicheka hadi watoto wakaanza kucheka bila kujua kwa nini. Mkenya na wasiwasi wake! Wambui alikunywa uji wake akatuacha tucheke.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwenyekiti wa mtaa. Nilikwenda na Mama Lakot, amevaa gauni lake la kanisani, ili nimsomee. Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Watoto wanane wa nyumba yake walikuwa wameandikwa kituo kipya cha juu ya barabara, kile chenye geti jekundu, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Chini kabisa, mbele ya jina la Mwangi, ndipo lilipokuwa jina la Mama Lakot. "Soma," akasema. Nikamsomea. Hakupiga kelele. Alinyosha kidole kirefu akanionyesha mistari ile minane, mmoja mmoja, akaniuliza, "Hii pia hapana?" "Hapana, Mama." "Na hii?" "Hapana." Hadi akafika kwa Habiba, na hapo hakuniuliza, alinitazama tu. Nikamwambia kuna makosa, nitakwenda ofisini, nitarekebisha leo leo.

Proscovia alinipokea vizuri sana, sitamnyima haki yake. Alininunulia soda na sambusa katika mgahawa wa chini ya ofisi yao, akala za kwake huku anazungumza. Kituo kile kilikuwa cha dada wa mwanamume aliyekuwa karibu kumuoa; bila idadi fulani ya watoto kisingekubaliwa. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuficha, kama mtu anayemweleza mdogo wake mambo ya dunia. "Lakini sikuwafanyia ubaya. Yule mama ana choo kimoja, watoto tisa. Wakaguzi wangekuja wamfungie nyumba wiki ya kwanza. Kule kuna vitanda, Sauda. Vitanda!" Nikamwambia angetuuliza. Akafuta mafuta vidoleni kwa karatasi. "Ningewauliza, mngesema Mama Lakot." Alijua tulichokitaka. Ndiyo maana hakuuliza. Nimesikia wakubwa wengi tangu siku ile wakibishana kama mzazi maskini anaweza kuchagua vizuri, na kila nikisikia naikumbuka ile sambusa na damu inanichemka. Sikatai habari za choo. Choo kingechimbwa. Kwa nini msaada haukuweza kuchimba choo?

Nikamwambia nitakwenda kwa bosi wake. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Utamwambia nini? Kwamba mliweka sahihi karatasi tupu? Nani alizikusanya? Wewe ndiye utakayeondolewa, na wenzako saba, na watajua ni kwa sababu yako." Kisha akalegea tena, akanishika mkono juu ya meza. "Kale, basi, dada yangu. Nenda mwambie mama yule mlichagua vitanda. Ataelewa. Usimwachie matumaini bure." Nilitoka pale nimekatika vipande. Huyu ndiye aliyenishika mkono nikizaa.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi nikasema ukweli. Nilimkuta Mama Lakot anamenya viazi, watoto wamelala, kivuli cha wavu wa dirisha kikiwa juu yao. Nikakaa mkekani. Aliniuliza bila kuinua macho, "Mama Habiba. Nyinyi ndio mlichagua?" Nilifikiria wale wanawake saba, nikafikiria kazi yangu, nikafikiria jinsi watakavyonitazama. "Ndiyo, Mama," nikasema. "Kwa sababu ya vitanda?" "Kwa sababu ya vitanda." Aliendelea kumenya. Maganda yale yalitoka marefu, hayakukatika. "Sawa," akasema mwishowe. "Kitanda ni kitu nzuri." Kisha akainuka akanichotea uji, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kumfanyia mtu aliyekaa mkekani kwake, nami nikaunywa wote. Wenzangu niliwaambia ofisi ndiyo iliyoamua, tunyamaze tusije tukakosa vyote. Walinyamaza. Waliona haya hata kupita nyuma ya maduka.

Vitanda vilikuwapo kweli. Kwenye kituo kile walimpokea mtoto getini, wakamng'oa mikononi mwako, geti likafungwa, mzazi haingii. Habiba alilia siku tisa. Siku ya kumi akanyamaza, na wakanipongeza kwamba amezoea, lakini mimi nilimwona: hakugeuka kunitazama tena. Saa kumi na moja jioni kamili walifunga, na ukichelewa mara tatu mtoto alirudishwa nyumbani wiki nzima. Mimi nilitoka kazini saa moja. Kwa Mama Lakot hilo halikuwa neno. Mara ngapi nilifika gizani nikamkuta Habiba amelishwa, ameoshwa, amelala mgongoni kwake. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeacha kazi ya hoteli, na wengine wanne pia waliacha za kwao. Tulipewa msaada ili tufanye kazi, msaada ukatutoa kazini. Mama Lakot alibaki na Mwangi peke yake, na mtoto mmoja hawezi kulipia kodi ya nyumba. Siku aliyohama kurudi Gulu niliona gari limepakia mikeka na lile pipa. Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Niliingia dukani nikaulizia chumvi, nikakaa humo mpaka gari likaondoka.

Sasa turudi ukumbini. Baada ya makofi nilimvuta Proscovia nje, karibu na bomba la maji, nikamuuliza kama anamkumbuka Mama Lakot. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: akane, alie, anitukane. Alikunja uso akafikiri kwa bidii, kwa moyo safi kabisa. "Yupi huyo?" Nikamwambia wa uji, wa nyuma ya maduka. "Ah, wa uji! Bambi, maskini. Yuko wapi siku hizi?" Alikuwa amesahau. Mimi nimelala na jambo hili miaka yote hii, na yeye aliliacha pale mezani pamoja na karatasi ya sambusa. Akanipigapiga begani, akaniambia nimlete Habiba ofisini, atamsaidia kujaza.

Kesho yake nilikwenda Kibuli, ambako Wambui ana duka la viatu vipya sasa na miguu inayomuuma. Nilimuuliza kama anajua lolote kuhusu Mama Lakot. "Namba yake ninayo tangu zamani," akasema. "Tunaongea kila Krismasi. Wewe hukuwahi kuniuliza." Akaiandika nyuma ya boksi la viatu. Nilikaa na boksi lile siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, Habiba akiwa kazini na mjukuu ananyonya kidole mapajani mwangu, nikapiga. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa ile ile. Nilijitaja, nikamsalimia, na kabla hajaniuliza hali nilimwaga yote bila kupumua: kwamba fomu zilikuwa tupu, kwamba hatukuchagua vitanda, kwamba wote wanane tulitaka jina lake, kwamba nilimdanganya.

Upande wa pili nilisikia kuku, na kiti kikivutwa.

"Hiyo mimi najua," akasema. "Wambui alisema siku ile ile ya orodha, mchana, karatasi yenu ilikuwa tupu. Kabla wewe kurudi kutoka Nakasero."

"Ulijua? Uliniuliza ukiwa unajua?"

"Nilijua wao walifanya nini. Nilitaka kujua wewe." Nikamsikia anakohoa, anaweka kitu chini. "Halafu nikangoja. Mwaka ile nikangoja, hata siku ya gari nikangoja. Nikasema, mama Habiba atakuja." Mjukuu akaanza kulia, na yule mama akamsikia. "Sasa umesema," akaniambia. "Mimi nimesikia. Shika mtoto." Akakata simu.